Mtani Aliponiita Ndugu

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo ya vifaa vya kikundi chetu cha sanaa, nikatia saini kwenye daftari, nikapewa saa ya ukutani na soda mbili. Soda ya pili nadhani ilikuwa ya mtu mwingine. Vijana mlionisindikiza hadi getini mkaniambia, Mzee Kondo, usiende kukaa barazani tu, tuandikie kumbukumbu zako za kazi. Haya, nimekaa barazani na ninaandika.

Habari za vyeo na mishahara naziruka. Za kwanza ni fupi na za pili zinatia huzuni. Nitaandika habari ya kuchekesha watu, na hasa ya kusimama bila ngoma. Ndivyo tulivyoita wakati ule mtu kusimama peke yake mbele ya watu, bila mpiga ngoma, bila mwenzake, bila nguo za kuchekesha, akazungumza tu. Ninyi mnaiita kwa jina la kigeni na mnadhani ilikuja na televisheni. Mimi niliifanya Mnazi Mmoja, mchana kweupe, miaka ya Ujamaa, na nasema bila haya kuwa simjui aliyeifanya Dar es Salaam kabla yangu. Kama yupo na ajitokeze, tukae tuzungumze.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushona magunia. Shirika letu la umma lilikuwa na ghala la nafaka Mchafukoge, na mimi, Mzaramo niliyezaliwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, niliajiriwa kufunga midomo ya magunia kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Aliyeyapima magunia hayo kwenye mizani kabla hayajanifikia aliitwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mpole wa sura, na mdomo usiofanana hata kidogo na sura hiyo. Mnajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo angelisema ndugu yako wa tumbo moja mngeshikana mashati, na huna ruhusa ya kukasirika. Maganga aliitumia haki yake kuanzia saa moja asubuhi. Aliwaambia makuli kuwa Wazaramo huuza shamba wapate kucheza ngoma, na ngoma ikiisha huenda kuomba kibarua cha kupalilia shamba lilelile. Mimi nilijibu kuwa babu yake, mpagazi, alifika pwani na mzigo kichwani, akaambiwa autue, akauliza kwanza kama ni lazima.

Makuli waliacha magunia wakawa wanatusikiliza. Msimamizi akachoka nasi, akatupeleka kwa Katibu wa utamaduni wa shirika ili tuonywe. Katibu alikuwa mtu wa sheria na karatasi, kila neno alitaka kuliandika, lakini tulipoanza kujitetea mmoja baada ya mwingine alicheka hadi akavua miwani. Badala ya barua ya onyo tukapewa siku za mazoezi. Kikundi cha sanaa cha shirika kilikuwa na ngoma, kwaya na sarakasi. Vichekesho hakikuwa navyo.

Mwalimu wetu alikuwa Bi Tatu, mkuu wa wacheza ngoma, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kucheka mazoezini hata siku moja. Saa tisa na nusu kazi zikiisha alikaa juu ya gunia la mtama uani, akatafuna karafuu, akafumba macho na kutusikiliza. Ukimaliza alisema neno moja tu, "Punguza." Ukipunguza alisema, "Punguza tena." Kichekesho changu kimoja kilipunguzwa mpaka kikaisha, na hapo ndipo aliposema sasa kimekuwa kizuri.

Siku ya kwanza ya kazi hakutupeleka jukwaani. Alitupeleka Feri, saa sita mchana, kwa wakaanga samaki. Hapakuwa na viti wala maikrofoni. Palikuwa na makarai, moshi, na watu wenye njaa waliokuja kula, si kutuangalia sisi. Nilisema kichekesho changu cha kwanza mbio mbio kama mtu anayekimbizwa. Mama mmoja mwenye upawa mkononi akaniangalia, akasema, "Kaka, rudia, mafuta yalikuwa yanapiga kelele." Nikarudia. Akasema, "Kumbe nilisikia."

Nilitaka kurudi kwenye magunia yangu siku ileile. Bi Tatu akanishika mkono, akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona. Mkaanga samaki akiinama kugeuza samaki wake hasikii mtu. Akiinuka kufuta jasho, hapo ana nafasi, na nafasi hiyo ni fupi. Nikasubiri ainuke, nikasema neno moja kuhusu moshi wa karai lake na jinsi unavyochagua macho ya wateja wasiolipa. Akacheka, na wenzake wakageuka kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo, popote nilipotumwa, nilitazama kwanza watu wana shughuli gani na wanainuka saa ngapi. Ninyi mnapanda jukwaani mmefumba macho kwa sababu ya taa. Zimeni taa moja muwaone watu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na nilivitunza mwenyewe. Tulikuwa na koti moja kubwa, tumbo la kushona lililojazwa matambara, masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nazi kwa ajili ya kuchora ndevu, na kofia iliyokwishachezewa na watu watatu kabla yangu. Maikrofoni ya shirika ilikuwa nzito na ilipiga shoti. Mchezaji mwenye viatu hakuwa na tatizo, lakini mimi nilicheza miguu mitupu, kwa hiyo niliizungushia kipande cha khanga ya mke wangu Zena. Watu walidhani ni pambo. Mmoja wa sarakasi aliiga pambo hilo akatumia kitambaa kibichi, na ndiyo siku pekee aliyoruka juu kuliko wote.

Kichekesho kilichotupa jina kiliitwa Balozi na Mlevi. Zilikuwa siku za kampeni ya kupiga vita gongo, na kila shirika lilitakiwa lielimishe. Maganga alikuwa balozi wa nyumba kumi anayepita kukagua, mimi nilikuwa mlevi anayeficha chupa. Tulizunguka nacho viwandani, sokoni, shuleni, na kila Jumamosi alasiri Mnazi Mmoja. Watu walinijua mtaani kwa jina la Mlevi. Wazazi walininyooshea kidole kwa watoto wao kama mfano mzuri wa mfano mbaya.

Sasa niseme nililokuwa nalizunguka. Mlevi wangu alisifiwa kwa kuwa wa kweli, na alikuwa wa kweli kwa sababu nilikuwa nimelewa.

Nilianza kwa funda moja la kuondoa woga kabla ya kupanda jukwaani. Kisha likawa moja kabla na moja baada. Kisha sikuhitaji tena jukwaa. Gongo ilikatazwa na serikali na ikakatazwa na dini yangu, kwa hiyo nilikuwa navunja amri mbili kwa kikombe kimoja. Tuliiita moshi, supu ya mawe, machozi ya simba. Sijui ni nani aliyemwona simba akilia, ila asubuhi nilijiona mimi. Na kichekesho kikubwa kuliko vyote sikukitunga. Watu walionipenda kwa kuwaelimisha juu ya ubaya wa gongo walinipeleka uani kwao wakanimiminia gongo, kunishukuru.

Jumamosi moja pale Mnazi Mmoja nililala jukwaani. Sikuigiza, nililala kweli, katikati ya maneno, mdomo wazi. Maganga aliniita mara mbili kwa sauti ya balozi, mara ya tatu kwa sauti yake mwenyewe. Nilipokaa kimya aliwageukia watu, akavua kofia, akatangaza kuwa Mzaramo amefariki na yeye, mtani, ameachiwa kazi.

Mnajua kazi hiyo. Katika msiba wetu, mtani wa Kinyamwezi huvaa kanzu ya marehemu, huiga mwendo wake, hujilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na waliokuwa wanalia hujikuta wanacheka. Maganga alivaa koti langu, akatembea nilivyotembea, akawauliza watu kama kuna anayenidai maneno, maana vitu vingine vyote nilikwisha kuvinywa. Nimesimuliwa hayo, sikuyasikia. Nimeambiwa watu walicheka hadi wakakaa chini. Tangu siku hiyo mazishi ya Mlevi yakawa sehemu ya mchezo, na kila Jumamosi nikazikwa. Mimi nililala raha mustarehe na Maganga akafanya kazi ya wawili. Nilipozidiwa nilizikwa mapema zaidi. Hakuna mtu wa shirika aliyegundua, kwa kuwa mwenzangu alikuwa hodari kupita kiasi. Nilijiona nina bahati, na sikuwahi kumuuliza yeye alijionaje.

Kisha ikaja asubuhi ya Jumatatu ghalani. Nilikuwa nimekunywa kitu kibaya Jumapili kutwa, nikafika kazini, nikaanguka nyuma ya rundo la magunia. Maganga alinikuta mikono imekuwa baridi na macho yamepinda. Aliniita kwa sauti. Makuli waliokuwa wanapita wakasimama, wakaangua kicheko, na mmoja akamwambia, "Anza mazishi, basi." Aliwaapia kuwa si mchezo. Wakacheka zaidi, kwa sababu hata kuapa kulikuwemo kwenye mchezo.

Alinipakia kwenye mkokoteni wa ghala, akausukuma peke yake hadi hospitali. Njia nzima watu walitutambua, Balozi na Mlevi wake. Wenye maduka walitoka milangoni. Watu walimfuata wakipiga makofi na kumzibia njia ili waone vizuri. Maganga alikuwa analia anawaomba wapishe, nao wakasema safari hii amejifunza hata kulia. Tukafika hospitali na msafara.

Nilipozinduka siku ya pili, yeye alikuwa kando ya kitanda, bado na vumbi la ghala. Nilikuwa nasubiri tusi langu. Nilikuwa nalihitaji. Akaniambia, "Hujambo, Ndugu Kondo?"

Kwa mgeni hakuna neno la adabu kuliko hilo. Miaka ile tulikuwa wote ndugu, mkurugenzi ndugu, mfagiaji ndugu. Lakini Maganga hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita mbuzi wa pwani, aliniita hasara ya nazi, aliniita marehemu. Nikamwomba aache masihara, nikamrushia utani mmoja dhaifu kuhusu mkokoteni na wapagazi wa kwao. Hakurudisha. Akasema, "Nimekuzika mara nyingi kwa mchezo mpaka watu wamezoea. Jana nilikusukuma unakufa na wananipigia makofi. Siku ukifa kweli hakuna atakayelia, na mimi ndiye niliyewafundisha. Sitakutania tena." Akaniaga kwa heshima zote, akaenda kupima magunia yake.

Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyomwogopa daktari. Mtani akikutukana uko salama. Anapokunyamazia, ujue amekuondoa kwenye hesabu ya watu wake, au anajizoeza kuishi bila wewe.

Niliacha kunywa. Naandika kwa maneno mawili lakini sikuacha kwa maneno mawili. Wiki za kwanza nilitetemeka hata sikuweza kutia uzi kwenye sindano ya magunia, na tundu lake linapita kidole cha mtoto. Maganga alikuwa akija jioni kukaa nami barazani ili nisitoke. Alileta kahawa na kashata, akaniuliza habari za nyumbani, akasema ndiyo ndugu, hapana ndugu. Alinikalia hivyo kila siku ya Mungu. Nilikuwa na rafiki pembeni yangu na nilikuwa nammisi.

Kikundini mchezo wa Balozi na Mlevi ukasimamishwa. Nilijaribu kumcheza mlevi bila kulewa, nikawa kama mtu anayemwiga jirani aliyehama. Bi Tatu alinitazama mara mbili, akanipa kazi ya kufua mavazi. Nilifua kwa miezi. Kulikuwa na shida ya sabuni, kwa hiyo nilifua kwa nguvu. Katibu naye akaanza kuuliza kwa nini kikundi kina mtu asiyecheza, na nikajua kinachofuata ni barua.

Siku moja Bi Tatu alikuja karoni nilikokuwa nafulia, akakaa kwenye ukingo. Aliniuliza huyo mlevi niliyekuwa namcheza miaka yote ni nani. Nikasema ni mtu tu, mlevi wa mtaani. Akasema, "Ndiyo maana amekufa. Mwache huyo. Simama bila ngoma useme mimi."

Ninyi neno hilo mnalitumia hata kabla ya salamu, kwa hiyo hamwezi kujua lilivyokuwa zito. Vichekesho vyetu vyote vilianza na palikuwa na mtu. Mjinga alikuwa mwingine, mlevi alikuwa mwingine, mvivu ndiyo kabisa alikuwa mwingine. Na kwangu mimi kusema mimi kulikuwa na hatari mbili. Kukiri hadharani kuwa ulikunywa gongo kulikuwa kujipeleka polisi kwa miguu yako, na shirika lilikwisha kumfukuza mtu kwa hilo. Ya pili ilikuwa nyumbani. Sisi watu wa pwani tumefundishwa kuwa Mungu akikusitiri usijifunue. Zena alinisitiri miaka yote ile kwa ndugu, kwa majirani, kwa mama yangu mzazi.

Nilimwendea nikamwambia ninachotaka kusema, pamoja na kisa cha stovu yetu, ambacho mtakisikia sasa hivi. Alikuwa anachagua mchele. Alichagua hadi ukaisha. Kisha akasema, "Aibu hiyo si yako peke yako, stovu ilikuwa yangu. Lakini kama ndiyo dawa yako, sema. Usinifanye mjinga tu. Sema sufuria zangu zilikuwa safi kuliko za mtaa mzima." Nikaahidi.

Basi Jumamosi nikapanda jukwaani Mnazi Mmoja, baada ya kwaya na kabla ya sarakasi. Nilivaa shati langu la kwenda ofisini. Tumbo la matambara nililiacha stoo. Watu waliponiona wakapiga kelele za Mlevi, Mlevi, wakangoja niyumbe. Sikuyumba. Nikasogeza maikrofoni nikasema, "Yule mlevi mliyekuwa mnamcheka ni mimi. Sikuwa naigiza. Nilikuwa nakunywa."

Katibu alikuwa kiti cha mbele, akavaa miwani yake. Maganga alikuwa amesimama kando ya ngoma zilizolazwa, mikono kifuani. Nikamtafuta mtu aliyeinuka kufuta jasho, nikamwona mama mmoja mwenye kikapu pale kati, nikazungumza naye yeye.

Nikamwambia kuwa wakati mafuta ya taa yalipoadimika, mimi nilikuwa naficha gongo kwenye dumu la mafuta ya taa, kwa kuwa nilijua hakuna mtu atakayelinusa dumu tupu. Siku moja mke wangu alilitikisa, akakuta lina kitu, akamshukuru Mungu, akalimimina lote kwenye stovu. Nilirudi nikakuta wali unachemka juu ya machozi ya simba. Moto ulikuwa wa buluu, hauna moshi, hauna masizi. Mke wangu alikuwa na sufuria safi kuliko mtaa mzima na alikuwa anawaonyesha majirani. "Niseme nini?" nikamuuliza yule mama. "Nilikaa nikatazama mshahara wa jasho langu unaivisha wali."

Yule mama akacheka. Wa pembeni yake akamfuata. Nikasubiri, nikaendelea. Kesho yake wanawake wa mtaa mzima walikwenda kupanga foleni kwenye duka la ushirika wakitaka mafuta kama ya Zena. Muuza duka akawapa mafuta ya kawaida, wakamrudishia, wakamwambia anaficha mazuri awape jamaa zake. Balozi wa kweli wa nyumba kumi akaitisha mkutano kuhusu ulanguzi wa mafuta ya taa. Na mimi nikachaguliwa kwenye kamati ya kuyatafuta.

Hapo uwanja mzima ulikuwa wangu. Sijawahi kusikia kicheko kama kile kabla ya siku hiyo, kwa sababu hakikuwa cha kumcheka mtu aliye chini. Walikuwa wanacheka pamoja nami, na wengine nadhani walikuwa wanakumbuka madumu yao. Najivunia kicheko kile hadi leo, na sioni sababu ya kujificha.

Kisha nikasema lililobaki. Niliwaambia kuwa siku ile ya mkokoteni, walipotupigia makofi, nilikuwa nakufa, na rafiki yangu alikuwa analia kweli. Kicheko kikakatika. Niliona watu wanatazamana, maana wengi walikuwepo. Nikasema, "Siwalaumu, mimi ndiye niliyewazoesha. Na daktari alisema kelele zenu ndizo zilizonizuia nisilale moja kwa moja. Kwa hiyo asanteni. Ila siku nyingine mkimwona mtu kwenye mkokoteni, muulizeni kwanza anayesukuma." Walicheka tena, kwa sauti nyingine, na wapo waliojifuta macho. Nikashuka. Maganga hakuwa pale kando ya ngoma. Alikwisha kuondoka.

Nilisimama bila ngoma miaka mingi baada ya hapo, katika mikoa ambayo siku hizi mnapita kwa ndege, na mengi niliyoyasema ninyi mnayasema sasa mkidhani mmeyaokota njiani. Sina kinyongo. Lakini ninalotaka mlisome mwisho si la jukwaani, ni la Jumatatu iliyofuata, ofisini kwa Katibu.

Tuliitwa wote wawili, mimi kama mtuhumiwa, Maganga kama shahidi kwa kuwa nilimtaja. Bi Tatu alikaa karibu na mlango. Katibu alikuwa na karatasi nyeupe mezani na kalamu wazi. Aliniambia ameulizwa na wakubwa, naye lazima ajibu kwa maandishi. "Ndugu Kondo," akasema, "yale uliyosema ni sanaa, au ni kweli? Fikiri kabla hujajibu, maana nitaandika."

Alikuwa ananifungulia mlango, mtu yule. Neno moja tu, sanaa, ningerudi kwenye kazi yangu na Zena angerudi kwenye sitara yake. Na mlevi angerudi kuwa mtu mwingine. Nikasema, "Ni kweli, Ndugu Katibu. Yote."

Katibu akavuta karatasi. Nikasikia kalamu inagusa meza. Hapo Maganga akakohoa.

"Ndugu Katibu," akasema, "kabla hujaandika, kumbuka kuwa huyu ni Mzaramo."

Katibu akasema hilo analijua.

"Nimefanya naye kazi miaka yote hii na sijamwona akimaliza kitu hata kimoja. Gongo yenyewe alianza vizuri, sote tukadhani huyu atafika mbali, akaiachia njiani. Mtu mvivu namna hii utamfunga wapi? Atalitia gereza hasara."

Bi Tatu alicheka. Mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumsikia, kicheko kifupi cha puani, akajifanya ametafuna karafuu vibaya. Katibu alijizuia kwa nguvu, mabega yakamsaliti, akavua miwani. Kisha akainama akaandika, na alituonyesha alichoandika: elimu kwa umma. Akatuambia turudi ghalani.

Tulitoka mimi na Maganga tukashika Mtaa wa Uhuru. Alianza na mababu zangu, akaja kwa wajomba, akafika kwenye umbo la kichwa changu, na jinsi nilivyomchelewesha miezi yote hiyo na maneno mazuri yakamwozea mdomoni. Aliniita mbuzi wa pwani mbele ya watu. Nilikuwa natembea nalia waziwazi, mtu mzima, na wapita njia wakatusimamisha kuuliza kama ni mchezo mpya. Sikumjibu Maganga hata tusi moja. Nilitaka aendelee.